Kaye nzuri ninazo, lakini nguo za watu bado zinachelewa

Yaya, mkubwa wetu mpendwa,

Mimi ni fundi wa kushona, nafanyia kazi barazani kwetu, Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Nashona nguo za akina mama, sare za shule, na msimu wa komunyo nashona nguo za watoto. Kazi sikosi, Mungu ashukuriwe. Shida yangu ni kichwa. Kila kitu nakibeba humo: nani ameleta kikwembe (kitenge) gani, nani ametoa avansi (malipo ya mwanzo), nani bado nina deni lake, nani anataka mikono mifupi. Vipimo naviandika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Msichana anayejifunza kazi kwangu akifagia, vinatoka pamoja na vipande vya vitambaa.

Juzi mama mmoja wa Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, alikuja Ijumaa jioni kuchukua libaya (blauzi ya kikwembe) ya harusi ya mdogo wake, na harusi ni kesho yake. Yaya, nguo ilikuwa haijakatwa. Kikwembe alikileta mapema kabisa, siwezi kusema alichelewa. Nilikuwa nimemwambia Jumamosi kwa sababu yeye alitaka Jumamosi. Nikakesha. Umeme ukakatika usiku, nikaendelea na mashine ya miguu, msichana akinishikia tochi ya simu. Asubuhi nguo ikatoka, lakini begani imevuta. Aliivaa hivyo hivyo na hakunisemesha. Pesa iliyobaki sijathubutu kumdai.

Dada yangu aliyeolewa Kolwezi alinitumia video za wanawake wanaoandika kila siku kwenye kaye (daftari) zao, kazi zao zote zimepangwa. Nikanunua kaye ya jalada gumu na kalamu za rangi. Siku za mwanzo niliandika vizuri, mistari kwa rula, maua pembeni. Halafu tukapata kilio Ruashi, nikakaa huko na familia. Niliporudi, nikaona kurasa tupu, nikaona aibu, nikaiacha. Baadaye nikanunua nyingine, ikaishia palepale. Mdogo wangu anayesoma chuo kikuu ananicheka, anasema niweke programu kwenye simu. Lakini mimi nikishika simu kuangalia modeli aliyonitumia mteja kwenye WhatsApp, nashtuka saa nzima imepita niko kwenye status za watu, na mshono uko chini ya sindano.

Kuandika kila siku kunasaidia kweli mtu kama mimi, au ni mambo ya watu wenye nafasi? Na kuna jingine. Nikishika kalamu, mkono wangu unataka kuandika mambo ya moyoni: uchovu, maneno ya mawifi, hofu ya minerval (ada ya shule) ya watoto. Mume wangu ni mtu mzuri ila anafungua kila kitu. Hayo niyaandike wapi?

Fundi wa Katuba

Jibu la Yaya

Mdogo wangu,

Kuna maneno katika barua yako niliyoyarudia mara nyingi: ulimwambia Jumamosi kwa sababu yeye alitaka Jumamosi. Ugonjwa uko hapo. Kusahau ni dalili tu. Kichwa chako ni kizima kabisa, kinajua nani ametoa avansi na nani anataka mikono mifupi. Kinachokishinda ni kitu kinachoshinda kichwa cha kila binadamu: kuziona kazi zote kwa mara moja, kuzitandaza juu ya siku zilizobaki, na kukwambia papo hapo, mteja akiwa amesimama mbele yako na kikwembe mkononi, kwamba Jumamosi imejaa. Kaye ni ya kazi hiyo. Zile ulizonunua zilikuwa za kuandika vizuri, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa kabla hujampa mtu tarehe.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kunasaidia, tena watu wasio na nafasi ndio wanaohitaji zaidi. Ila anza na kaye nyingine ya aina nyingine. Nunua ile ya wanafunzi, ya karatasi za miraba, unayoipata kwenye kila meza ya soko. Toboa pembe yake, pitisha ukanda wa kitambaa, ifunge kwenye mguu wa mashine yako. Biki (kalamu) nayo ifunge. Sitaki iingie ndani ya nyumba, sitaki iwe juu ya kabati, sitaki uitafute. Ichafuke mafuta ya mashine, watoto waichore jalada, haidhuru.

Kuhusu kuchafuka, nikuambie jambo la zamani. Mwaka 1494, huko Venice, mtawa mmoja aitwaye Luca Pacioli alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao. Walikuwa na vitabu vitatu, na cha kwanza kilikuwa cha kuandika kila kitu kama kinavyotokea, kikubwa kwa kidogo, bila mpangilio. Aliyeandika humo hakuwa bwana peke yake: msaidizi wake pia, hata wanawake wa nyumba kama walijua kuandika. Usafi ulikuja baadaye, katika vitabu vingine. Nakuomba uchukue hilo kama lilivyo. Msichana wako anayejifunza aandike pia. Mteja akija wewe umeenda sokoni, yeye afungue kaye, aandike jina, namba ya simu, nguo gani, pesa kiasi gani. Akijifunza kushona bila kujifunza hilo, atatoka kwako akiwa fundi nusu.

Sasa zile video za dada yako. Maua na kalamu za rangi viliongezwa na watu baadaye. Mtindo wenyewe ulitolewa hadharani mwaka 2013 na Ryder Carroll, mbunifu wa mambo ya kompyuta anayeishi New York, ambaye tangu utotoni alikuwa na tatizo la kutuliza akili kwenye jambo moja. Alijitengenezea njia ya kuandika haraka, kwa sababu akili yake haikumsubiri. Kazi ya kufanya anaiwekea nukta. Ikiisha, nukta inageuzwa kuwa msalaba. Isipoisha, anaiwekea mshale na kuiandika upya kwenye ukurasa mwingine. Jambo la kukumbuka tu linapata kistari, na tukio la siku hiyo linapata duara. Kurasa zina namba, na ukurasa wa kwanza unaonyesha kitu gani kiko wapi. Biki moja inatosha kwa yote.

Kwako ukurasa wa siku ungekuwa hivi:

Jumatano
• kata libaya ya mama wa Kamalondo, mikono mirefu (uk. 14)
• tia zipu sketi ya bluu
• nunua uzi mweusi, vifungo sita vyeupe
– mama wa Bel-Air anamaliza kulipa Ijumaa
o likelemba (upatu), saa kumi

Angalia nukta ya kwanza. Sikuandika "nguo ya mama wa Kamalondo". Niliandika kata. Nguo nzima haishikiki kwa mkono mmoja. Unaitazama, inakulemea, unachukua simu. Kukata kunashikika. Ukiandika kazi, anza na tendo ambalo vidole vinaweza kulianza bila kuuliza tena: kata, pima, piga pasi, geuza pindo, mpigie fulani. Na ile "uk. 14" ni ukurasa wa vipimo vya yule mama. Kila mteja apate nusu ukurasa huko nyuma ya kaye: jina, simu, kifua, kiuno, mabega, urefu, na tarehe uliyompima, maana watu wananenepa na kukonda. Karatasi za kuokotwa zimalizike.

Ukishakuwa na kurasa hizo, linakuja jambo gumu. Kwa wiki mbili, kila nguo unayoishika andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Usikisie, andika. Andika pia ulipokatizwa: umeme, mtoto katoka shule, jirani kaja kupiga hadithi. Nina hakika utashangaa. Fundi wengi wakiulizwa libaya inachukua muda gani wanataja muda wa kushona peke yake. Wanasahau kupima, kukata, kungojea mteja aje kujaribu, kufumua bega, kupiga pasi. Baada ya hizo wiki mbili utajua, kwa maandishi ya mkono wako, nguo ngapi zinatoka barazani kwako kwa wiki. Pengine ni chache kuliko ulivyodhani. Hiyo ndiyo idadi yako, na usimwachie mteja aibadilishe kwa machozi wala kwa kukuita mwanangu.

Kisha kwa kila wiki chora ukurasa wenye miraba ya siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Nguo inayokubaliwa inaingia kwenye mraba wa siku ya kukatwa na mraba wa siku ya kushonwa. Ijumaa iache tupu. Najua utaniambia Ijumaa ndiyo siku ya pesa, wateja wanachukua nguo za harusi. Ndiyo maana iwe tupu. Kilio kikitokea, umeme ukikatika, mtoto akipata malaria, Ijumaa inalipa deni la Jumanne. Ikifika bila matatizo, una siku nzima ya kurekebisha mabega kabla mtu hajavaa.

Kuanzia hapo kuna sheria moja ambayo sitakubali uivunje hata kwa shemeji: avansi haipokelewi kabla ukurasa wa wiki haujafunguliwa. Mteja anasema Jumamosi. Wewe unainama, unafungua kaye mbele ya macho yake, unaangalia. Kama kuna nafasi, unaandika. Kama hakuna, unamwambia: "Mama, Jumamosi hii imejaa, naweza kukupa Jumatano inayofuata, au nikuelekeze kwa fundi mwenzangu." Wengine wataondoka. Naelewa hofu hiyo, hasa ukifikiria minerval. Lakini pima na ile libaya iliyovuta begani: umepoteza usingizi, umepoteza pesa iliyobaki, na sherehe nzima imeona kazi yako ikiwa mbaya. Yule mama mpigie kesho. Usianze na habari ya pesa. Mwambie alete nguo uifungue bega bure, na siku ya kuileta uiandike kwenye mraba wake kama kazi ya mteja yeyote.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye andika siku za mwaka zinazokuja bila kukuuliza. Tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, ambapo kila kikundi kinataka kikwembe kimoja na mishono tofauti. Tarehe 30 mwezi wa nne, siku ya walimu. Sikukuu ya uhuru tarehe 30 mwezi wa sita. Masomo kufunguliwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, mashati meupe na nguo za bluu. Noeli. Kwa kila moja hesabu kurudi nyuma, kwa ile idadi yako ya wiki, upate tarehe ya kufunga. Kama kikundi cha wanawake ishirini kinakuja na wewe unatoa nguo nane kwa wiki, kikwembe cha mwisho cha tarehe 8 lazima kiwe mezani wiki mbili na nusu kabla, na hapo hujashona kitu kingine chochote. Hesabu hiyo ukiifanya mwezi wa kwanza ni ya dakika chache. Ukiifanya tarehe 5 mwezi wa tatu, haina maana tena.

Jioni, kabla ya kufunika mashine, kaa dakika tano na ukurasa wa siku. Zilizoisha, msalaba. Zisizoisha, mshale, na uziandike upya kwa ajili ya kesho. Usipige picha, usiseme nitaziona nikifungua. Ziandike kwa mkono. Mkono unaochoka kuandika "vifungo vya mama wa Bel-Air" mara ya tatu unakuambia kitu ambacho simu haitakuambia, kwa sababu kwenye simu kazi ya zamani inakaa pale miezi bila kumsumbua mtu. Kazi ikihamishwa mara ya tatu, uamuzi hauepukiki: kesho asubuhi ndiyo ya kwanza kabla ya nyingine zote, au unampa fundi mwingine, au unampigia mwenyewe na kumwambia ukweli.

Hizo dakika tano zina faida nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Baylor, huko Texas, Marekani, walichukua vijana 57 wakawalaza kwenye maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kufanya siku zijazo, na nusu waliandika mambo waliyokwisha kufanya. Walioandika ya kesho walipata usingizi mapema zaidi, kama dakika tisa hivi, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyolala haraka. Wewe unayelala ukihesabu vikwembe vya watu, nakuombea usingizi huo.

Simu sasa. Mdogo wako hana kosa, programu hizo zipo na zinasaidia wengi. Kwako siikubali, kwa sababu umeniambia mwenyewe: ukiishika, saa inapita. Modeli ya mteja ikija, ifungue mara moja ukiwa na biki mkononi, uichore kwenye kaye, shingo yake, mikono yake, mkato wa kiuno. Mchoro wa fundi hauhitaji uzuri. Baada ya hapo simu inaingia ndani kwa mtoto mkubwa au kwenye mfuko wa mkoba, na unaisoma saa za kupumzika: saa nne, mchana wakati wa bukari (ugali), na jioni. Wateja watazoea, mradi jibu linakuja kila siku saa zile zile.

Na usumbufu hautoki kwenye simu peke yake. Unashona, ghafla unakumbuka hujanunua unga, hujamjibu mwenyekiti wa likelemba, mtoto anadaiwa shuleni. Usiinuke. Andika neno moja pembeni ya ukurasa, "unga", na urudi kwenye sindano. Mwaka 2011 Masicampo na Baumeister, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kwamba jambo lisilokamilika huendelea kuingilia mawazo ya mtu anapofanya shughuli nyingine, lakini likiwekewa mpango ulio wazi, hata kabla halijafanywa, linaacha kumsumbua kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukiweza ongeza na saa: "unga, saa kumi, nikitoka likelemba". Akili inapoona jambo lina mahali pake, inakuachia mikono.

Siku utakazokosa zitakuwepo. Ukitoka kwenye kilio, fungua ukurasa mpya, andika tarehe ya siku hiyo, hamisha kazi zilizobaki, endelea. Usijaze nyuma na usiache kurasa tupu kwa ajili ya siku zilizopita. Ndiyo sababu sitaki uandike tarehe mapema kwenye kurasa za siku: ukurasa unazaliwa siku unapoutumia, basi hakuna mahali pa aibu kukaa.

Mambo ya moyo yaandike, lakini siyo kwenye kaye ya mashine, ambayo msichana na wateja wanaiona. Zile kaye zako za jalada gumu bado zina kurasa nyingi, chukua moja. Mtafiti James Pennebaker, wa Marekani pia, alichapisha mwaka 1986 kazi aliyoifanya na wanafunzi walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo juu ya mambo mazito ya maisha yao. Baada ya kuandika walijisikia vibaya kidogo, lakini katika miezi iliyofuata walioandika na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Usijilazimishe kila siku. Andika linapokujaa, robo saa, ufunge. Na ukiona unaandika jambo lile lile juu ya mawifi wiki baada ya wiki, hilo limeshapita uwezo wa karatasi. Tafuta mtu mzima wa familia mnayemheshimu wote, uongee naye.

Kuhusu mume wako, usimfiche halafu aikute mwenyewe. Umesema ni mtu mzuri, basi mwambie kwa mdomo: hii ni yangu na Mungu, naomba usiifungue, ikiwa na jambo linalokuhusu nitakwambia. Ya mashine aisome apendavyo. Tena ukurasa wa sare za mwezi wa tisa upange pamoja naye, kwa sababu pesa ya kununua kitambaa cheupe na cha bluu itatoka nyumbani kwenu kabla wazazi hawajalipa, na ni vizuri ajue mapema ni kiasi gani na lini inarudi.